Asili ya Ndege za Shehena katika Jeshi la Tanzania

Sisi watu wa Pemba, tuliozungukwa na bahari, twajua tangu wazee wetu ya kuwa nguvu ya nchi si silaha tu, bali ni chombo cha kuwafikisha watu na chakula mahali panapohitajiwa. Ziko ndege za kupiga, na ziko ndege za kuchukua. Na katika jeshi la Tanzania zile za kuchukua ndizo zilizotangulia. Nayo asili yake imefungamana na visiwa vyetu kuliko wengi wadhanivyo.

Mwanzo wake ni mwaka 1964. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika wakaasi katika kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa Waingereza, nao tarehe 25 wakashusha makomando kwa helikopta kutoka katika manowari Centaur. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 26 Aprili nchi mbili zikaungana, na mwezi wa Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi. Lakini nchi ni pana, na barabara za siku zile zilikuwa chache, tena hukatika wakati wa masika. Basi Ujerumani ya Magharibi ikakubali kutoa ndege na kufundisha warubani.

Hapo ndipo jambo la visiwani lilipoingia. Ujerumani wakati ule ilikuwa imegawanyika dola mbili, na ile ya Magharibi haikutaka nchi nyingine iitambue ile ya Mashariki. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua kabla ya Muungano, na balozi wake alikuwa Unguja. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: Wajerumani wa Mashariki wasiwe na ubalozi kamili, bali konseli mkuu tu, Dar es Salaam. Wale wa Magharibi hawakuridhika, na mapema mwaka 1965 wakawaondoa walimu wa ndege. Nyerere akajibu kwamba na msaada mwingine wa serikali yao uondoke pia, kwa maana haikubaliki rafiki mmoja amchagulie mwenziwe marafiki. Hasara haikuwa ndogo, kwa kuwa msaada ule haukuwa wa jeshi peke yake. Ndipo twaelewa wazee waliposema: Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Baada ya hayo Kanada ikaishika kazi ile, na walimu wake wakakaa hata mwaka 1970. Ndege zake zilikuwa za kufaa nchi yetu. Iliyoitwa Otter ina injini moja na huchukua watu kama kumi. Caribou ina injini mbili, huchukua askari 32, na mlango wake wa nyuma huteremka hata chini, mizigo ikapandishwa bila taabu. Zote mbili huweza kuruka na kutua katika kiwanja kifupi kisicho na lami. Kisha Wachina wakachukua nafasi ya Wakanada, na katika miaka ya 1970 zikaja ndege za vita.

Nayo lugha ina ushahidi wake. Rubani, kabla ya kuwa mwendesha ndege, alikuwa mjuzi wa kuongoza chombo kati ya miamba. Shehena na usukani ni maneno ya majahazi. Hivyo Waswahili waliingia angani kwa maneno ya baharini.

Basi mwalimu akiwafundisha watoto habari hizi, asiishie katika hesabu ya ndege. Za Wajerumani zilikuwa za kupewa, na za Wakanada vilevile. Lililokuwa la nchi yenyewe ni uamuzi wa mwaka 1965, nao ulitokana na visiwa hivi. Awaulize watoto kama wao wangeukubali kwa gharama ile; watakayojibu yatamwonyesha kama wameelewa.