Pembesita ilivyoziteka ramani za vita

William Farish hakuwa mtu wa michezo. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akifundisha mashine kwa kutumia sampuli ambazo baada ya somo hubomolewa, kisha vipande vyake vikaundwa kuwa mashine nyingine. Wasaidizi wake walihitaji picha za kuwaongoza, na michoro ya kawaida, ambamo cha mbali huonekana kidogo, haikutosha. Mwaka 1822 akaeleza uchoraji wa isometriki: kitu hutazamwa kwa mshazari kutoka juu, bila vipimo kupungua kwa umbali. Chora mchemraba kwa kanuni hiyo na mzingo wake utakuwa pembesita kamili.

Katika michezo ya vita, pembesita iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1961, Avalon Hill, kampuni ya Charles S. Roberts huko Marekani, ilitoa toleo jipya la Gettysburg, mchezo wa mezani, likiwa na ramani ya pembesita. Sababu ni hesabu tu. Kwenye miraba, kikosi kinachokwenda mshazari huvuka umbali mara 1.41 ya ule wa kile kinachonyooka. Pembesita ina majirani sita, wote umbali mmoja.

Michezo mingi ya kompyuta, hata hivyo, ilifuata mtazamo wa mshazari wa Farish. Zaxxon ya Sega ilitoka mwaka 1982, Knight Lore mwaka 1984, na kufikia 1996 hata Civilization II ilikuwa imeinamisha ramani yake. Kila kigae kikawa almasi yenye upana wa pikseli 64 na kimo cha 32. Ilipendeza, lakini ipime: hatua moja kwenda mashariki ni pikseli 64, hatua moja kwenda kaskazini ni 32, na gharama ni ileile. Wachezaji walizoea, wachezaji huzoea mengi.

Uchoraji wa kuvutia zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Battle for Wesnoth, mchezo huria ulioanzishwa na David White mwaka 2003. Kigae chake kina pikseli 72 kwa 72, ingawa pembesita kamili ya upana huo ingekuwa na kimo cha 62 hivi. Gridi yenyewe imelala kama inayotazamwa kutoka juu, ila milima, miti na ngome vimesimama kana kwamba unavitazama kwa upande. Vya nyuma huchorwa kwanza, vya mbele baadaye, hivyo kilele cha mlima hufunika kipande cha kigae kilicho nyuma yake. Ni udanganyifu mtupu, na jicho linaukubali bila ubishi.

Mwaka 2010 Civilization V, chini ya mbunifu wake mkuu Jon Shafer, aliyevutiwa na mchezo wa pembesita wa Panzer General wa 1994, iliacha miraba. Mfululizo huo haujarudi nyuma: toleo la sita la 2016 na la saba la 2025 yote ni ya pembesita.