Sinema ya Kisiwa cha Wake na Wafu Wasiokuwa na Sinema

Kada anayeiona sinema kuwa ni burudani tu hajaijua bado silaha ya adui. Watu wa Murukulazo, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, wako mbali na bahari. Hata hivyo mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipita katika nchi hiyo kumfukuza Mjerumani, na mizigo ya vita hivyo vya mabeberu ilibebwa vichwani mwa Waafrika. Kwa hiyo swali la nani hukumbukwa vitani ni letu pia.

Tuchukue „Wake Island", sinema ya kampuni ya Paramount ya mwaka 1942. Ndani yake mna ukweli, na haifai kuubeza. Tarehe 11 Desemba 1941 Wamarekani wachache waliokilinda kisiwa hicho cha Pasifiki waliwazuia Wajapani wasitue, wakazamisha manowari mbili. Lakini mwishoni mwa sinema walinzi wanapigana mpaka kufa, na mkuu wao, Meja Caton, anafia kwenye bunduki. Meja halisi aliitwa James Devereux. Kisiwa kilisalimu amri tarehe 23 Desemba, naye akatekwa. Watazamaji walipokuwa wakimlilia Caton, Devereux alikuwa hai, mfungwa nchini China. Baada ya vita alirudi kwao, na baadaye akachaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani! Mwaka 1942 serikali yake ilihitaji vijana wa kujiandikisha jeshini, na mfungwa haandikishi mtu.

Liko jambo zito zaidi. Tarehe 8 Desemba, siku ya mabomu ya kwanza, ndege ya kampuni ya Pan American iliondoka kisiwani na abiria wake pamoja na wafanyakazi weupe wa kampuni hiyo. Wafanyakazi wake Wachamoro kutoka kisiwa cha Guam, ambao walikuwa 45 kabla ya mabomu kuwaua baadhi yao, hawakuchukuliwa. Ubaguzi ulipanga viti hata siku ya kifo. Na Mjapani, aliyejiita mkombozi wa Asia, aliwabakiza wajenzi 98 wa Kimarekani wamfanyie kazi, kisha akawaua wote Oktoba 1943.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani iliizamisha meli „Khedive Ismail" karibu na visiwa vya Maldivi, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297, na kundi kubwa kati yao lilikuwa la kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari waliopelekwa kumpigania Mwingereza aliyekuwa akiwatawala. Manowari za Kiingereza, katika kuiwinda nyambizi ile, ziliangusha mabomu majini mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wanaogelea. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Hollywood haikumtuma mtu kuwatafuta.