Fomu Ina Lugha Yake

Swali la tatu ndilo lililonikwamisha. Ilikuwa saa saba usiku, maombi yanafungwa kesho yake, na fomu ilitaka nieleze kwa maneno yasiyozidi 500 mabadiliko niliyoyaongoza mimi binafsi katika jamii yangu. Kwa Kiingereza, bila shaka.

Nilikuwa naomba feloshipu, yaani ule ufadhili anaopewa mtu mmoja, si shirika, apate miezi kadhaa ya kusoma na kukutana na wenzake, halafu arudi kwao aendeleze kazi za asasi za kiraia na mageuzi ya kidemokrasia. Wanahabari wa rika langu tunazijua fomu hizi kama tunavyojua namba zetu za kitambulisho. Wasifu, barua mbili za wadhamini, insha tatu, basi.

Kazi niliyotaka kuisimulia ilikuwa ya kweli. Katika mtaa mmoja wa Pwani ya Kenya, wakazi walifuatilia pesa za kisima zilizoandikwa kwenye bajeti ilhali kisima chenyewe hakionekani. Tulikaa vikao kumi na kitu, uani kwa mtu, kwa Kiswahili, mara nyingine kwa kelele. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika. Sasa fomu inataka "niliongoza". Nikaandika "niliongoza", nikafuta. Nikaandika tena.

Usiku ule sikumaliza. Nilijikuta nasoma habari za waombaji walionitangulia, na nadhani historia yao inatufaa sote tunaoishi kwa kujaza fomu.

Tuanze mwaka 1959. Kenya bado koloni. Kijana Mwafrika aliyetaka shahada alikuwa na njia chache: Makerere kule Kampala, ambako nafasi zilikuwa haba, au Uingereza kwa wachache zaidi. Tom Mboya, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi na mjumbe wa baraza la kutunga sheria, hakuwa hata na miaka 30. Mwezi wa Aprili alikwenda Marekani akazunguka akitoa hotuba, akiomba vyuo vitoe nafasi na watu watoe nauli. Shirika la African-American Students Foundation lilichangisha pesa. Mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua za kuomba michango. Septemba mwaka huohuo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Kabla ya ndege kulikuwa na barua. Vijana waliandikia vyuo ambavyo hawakujua hata viko upande gani wa Marekani, wakieleza wao ni nani na wanataka kufanya nini. Mboya, pamoja na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walisaidia kuchagua nani aende. Na huku nyumbani familia na majirani walichanga, kwa sababu nafasi ya chuo bila pesa za matumizi ni karatasi tu. Kwa hiyo aliyepanda ndege alijua amebebwa na wangapi. Barua yake ilisema "mimi", lakini michango ile ilimkumbusha "sisi".

Wakoloni hawakufurahi. Maofisa wa Uingereza walidharau shahada za Marekani, wakasema hazina uzito. Marekani nako mambo yaliingia siasa. Mwaka 1960, wakati wa kampeni za urais, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari, na upande wa Nixon nao ukahangaika serikali ionekane ndiyo inayolipa. Fikiria: nauli ya binti wa Nyeri imekuwa hoja ya uchaguzi Washington! Binti mmoja wa mwaka huo alikuwa Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Aliyelipa nauli alikuwa na hesabu zake. Wangari naye alikuwa na zake, na alipoketi na akina mama wa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park mwaka 1992, hapakuwa na mfadhili wa kumwambia aketi au aondoke.

Tusisahau upande wa pili. Oginga Odinga naye alikuwa akipeleka vijana nchi za Mashariki, na Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mwombaji wa zama zile alichagua lugha ya kusomea, na bila kujua mara nyingine, alichagua pia kambi ambayo angehesabiwa humo maisha yake yote.

Sasa twende Makerere, Juni 1962. Wapenzi wa fasihi tunaujua mkutano ule wa waandishi wa Kiafrika: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye tulikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa na mswada wake mkononi anamtafuta Achebe ausome. Lakini mkutano ulikuwa na sharti mlangoni. Uliitishwa kwa ajili ya waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwezi uleule, huko Tanga, Shaaban Robert alikuwa anamalizia siku zake duniani. Ameacha mashairi, insha, riwaya, wasifu wa Siti binti Saad. Lakini kwa kipimo cha mlango ule, hakuwa na sifa za kualikwa. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuliandika jambo hili miaka mingi baadaye, akajiuliza ilikuwaje yeye, mwanafunzi mwenye hadithi chache tu zilizochapishwa, aingie, na Shaaban Robert asihesabike.

Na nani alilipia mkutano? Pesa zilitoka kwa Congress for Cultural Freedom, shirika la Paris lililojitangaza kutetea uhuru wa fikra. Kati ya mwaka 1966 na 1967 ikafichuka magazetini kwamba shirika hilo lilikuwa likipata pesa kwa siri kutoka CIA. Jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, nalo lilikuwa limefadhiliwa humohumo. Aibu ilikuwa kubwa. Waandishi waliojidhani huru waligundua kuna mkono ambao hawakuwahi kuuona.

Hapa wengi huishia na hukumu: pesa chafu, kazi chafu. Mimi nadhani hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 1968 Transition ilichapisha maandishi yaliyokosoa mapendekezo ya katiba ya serikali ya Milton Obote. Neogy akakamatwa pamoja na mwanasiasa Abu Mayanja, akawekwa kizuizini. Gereza lile halikuwa la kuigiza. Mtu anaweza kula pesa asizojua zimetoka wapi na bado akasema kweli inayomgharimu. Lililo wazi ni kwamba siri ile ilimpa mtawala silaha: kuanzia hapo, kila anayeikosoa serikali Afrika Mashariki anaweza kuitwa kibaraka, na kibaya zaidi, kuna mfano wa kweli wa kumwonyesha.

Mwaka 1983 Marekani ilianzisha National Endowment for Democracy, ili misaada ya aina hii kwa vyama, vyombo vya habari na asasi itolewe hadharani kwa pesa za bajeti. Humo ndimo ilimozaliwa, mwaka 2001, feloshipu ya Reagan-Fascell kwa wanaharakati, wasomi na wanahabari. Kisha ikaja ile ya vijana wa Afrika iliyobeba jina la Mandela na Washington. Mwaka 2014, awamu ya kwanza, nafasi zilikuwa 500 na waombaji karibu 50,000. Mmoja kwa kila mia. Rais aliyeianzisha, Barack Obama, ni mtoto wa Mkenya aliyekwenda Hawaii mwaka 1959 kwa kusaidiwa na marafiki wa Kimarekani. Hakupanda ndege ile ya Mboya, ingawa hadithi za mitaani zimempandisha mara nyingi.

Basi la siri limepungua. La lugha halijapungua. Fomu ya Mandela Washington ilitaka mwombaji ajue Kiingereza vizuri, kama zilivyo nyingi za Marekani na Uingereza. Mtu anayeweza kutuliza kikao cha watu 200 kwa Kidigo au Kijaluo, akawatoa na azimio moja, hana pa kuliandika hilo. Mimi ninayeweza kuandika insha nzuri kuhusu yeye, ninapo.

Juni 2024 tuliona kinyume chake. Mswada wa Fedha ulipokuja, vijana wa Kenya walijitolea kuutafsiri na kuufafanua kwa lugha za nyumbani, kwenye video fupi za simu. Hakuna aliyejaza fomu. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano yale. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akalitaja Ford Foundation hadharani, akilihusisha na vurugu; shirika likakanusha. Unaona silaha ya 1967 bado inakata? Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, asasi nyingi ziligundua kwa wiki chache tu kwamba mishahara, ofisi na hata mafuta ya gari vilikuwa vinategemea saini ya mtu mmoja wa mbali.

Je, tuache kuomba? Hapana. Wangari alikwenda akarudi. Neogy alipokea akasimama. Anayesema mwanaharakati asipokee senti ya mgeni mara nyingi ni yule ambaye angependa asipokee senti yoyote kabisa. Lakini nimejifunza swali moja ambalo fomu haikuulizi: watu unaowaandika humu, wameyasoma uliyoandika?

Wangu walikuwa hawajasoma. Nilituma fomu dakika za mwisho, na neno "niliongoza" likiwamo. Feloshipu sikupata. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kwenye kikao uani, nikawasomea insha yangu kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Walinisikiliza kwa adabu hadi nilipofika mahali nilipodai nimegundua ukurasa wa bajeti wenye kisima. Mama mmoja anayeuza maji kwa mkokoteni akanikatiza.

"Mwanangu, ukurasa ule niliuona mimi. Wewe ulikuwa nje unaongea na simu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila shingo ilinipata moto, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimemfuta bila kukusudia, kwa vile Kiingereza changu kilitaka mtu mmoja wa kutenda.

Mwaka huu nitaomba tena. Insha itaandikwa kwanza kwa Kiswahili, isomwe uani, isahihishwe, ndipo niitafsiri. Mama yule ameshaniambia atakuwepo kusikiliza, na atakuja na miwani.