Fahamu jinsi joto linavyobadili fuwele za titani dioksidi

Wafyatua matofali wa Bariadi wanajua hili: tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Likishachomwa, limebadilika jumla. Hata likipoa, halirudi lilivyokuwa.

Titani dioksidi nayo iko hivyo. Huu ni unga mweupe unaowekwa kwenye rangi za nyumba na baadhi ya dawa za meno. Ukipakwa juu ya kioo kama utando mwembamba, unaweza kusaidia kuzalisha umeme wa jua au kuua vijidudu kwenye maji. Lakini kwanza lazima uchomwe, na joto likikosewa, kazi imeharibika.

Fuwele ni nini?

Ni kitu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, kama chumvi na sukari. Titani dioksidi ina aina tatu za asili: anatasi, rutaili na brukaiti. Viambato ni vilevile, titani moja kwa oksijeni mbili. Kinachotofautiana ni mpangilio tu.

Joto linafanya nini?

- Kabla ya kuchomwa: mara nyingi atomi zimekaa ovyo, hakuna fuwele.
- Nyuzi 350 hadi 500 za Selsiasi: atomi zinajipanga kuwa anatasi, kwa chembe za nanomita chache hadi makumi kadhaa. Gawa milimita moja mara milioni, unapata nanomita moja.
- Kuanzia nyuzi 600 hivi na kuendelea: chembe zinaungana na kukua, na anatasi inaanza kugeuka rutaili. Kiwango kamili hutegemea ukubwa wa chembe, uchafu uliomo na jinsi utando ulivyotengenezwa.

Rutaili ikipoa, hairudi kuwa anatasi. Kwa hiyo tanuri la matofali, ambalo linaweza kupita nyuzi 800, ni kali mno kwa kazi hii.

Kwa nini kipimo ni muhimu?

Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitangaza seli ya jua inayotumia utando wa chembe hizi uliopakwa rangi ya kunasa mwanga. Chembe zikiwa ndogo, rangi inapata eneo kubwa la kushika. Zikikua sana, eneo linapungua. Zisipochomwa vya kutosha, hazishikani na umeme unapita kwa shida. Ndiyo maana wengi huchoma kwenye nyuzi 450 hivi. Ukizidisha sana, hata kioo cha kawaida kinaanza kulainika.

Na kwa Simiyu?

Jua lipo la kutosha, ila tusidanganyane. Utando wa anatasi hutumia mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Unaweza kuua vijidudu, lakini hauondoi chumvi wala floridi kwenye maji ya kisima.

Malighafi ya titani ipo nchini, kwenye michanga ya Fungoni, Kigamboni, na Tajiri, Tanga. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo imekuwa ikitafiti tando nyembamba za nishati ya jua.

Kwa hiyo, mtu akikuletea kifaa cha "nano" cha kusafisha maji, muulize mawili: kimechomwa kwa nyuzi ngapi, na kipimo cha eksirei kinaonyesha ni anatasi au rutaili?