Mapenzi ya Watazamaji kwa Shujaa Aliyeumia

Mapenzi ya watu kwa mchezaji hayapimwi siku ya ushindi, maana siku hiyo kila mtu ni rafiki. Kipimo chake ni siku ya maumivu, shujaa anapolala kitandani na nafasi yake ikashikwa na mwingine. Mji wa Indianapolis, katika Marekani, ulipimwa kwa kipimo hiki mara mbili katika muda wa miaka 8, na majibu uliyotoa hayakufanana.

Mpira wa Kimarekani si kandanda. Mpira wenyewe una umbo la yai, na huchukuliwa kwa mikono zaidi ya miguu. Karibu kila shambulio huanzia kwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye hupokea mpira, huwatazama wenzake wanaokimbia, kisha huurusha au huukabidhi. Na wakati huo huo watu wa miraba minne wa upande wa pili humjia kwa kasi ili wamwangushe. Kwa hiyo yeye ndiye macho ya timu, na yeye ndiye windo la wapinzani.

Peyton Manning aliingia katika timu ya Colts mwaka 1998. Tangu mchezo wake wa kwanza hata mwisho wa msimu wa 2010 hakukosa kuanza hata mchezo mmoja wa ligi. Jumla yake ni michezo 208. Februari 2007 timu yake ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Chicago Bears 29 kwa 17. Kisha shingo ikamwasi. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, mkono wake wa kurushia ukapungua nguvu, na msimu mzima wa 2011 ukapita bila yeye kucheza. Colts walishinda michezo 2, wakashindwa 14.

Kwa desturi ya ligi ile, timu iliyofanya vibaya kupita zote hupewa haki ya kwanza ya kuchagua chipukizi watokao vyuoni. Basi jeraha lililomwondoa Manning kiwanjani ndilo lililomleta mrithi wake. Tarehe 7 Machi 2012, kabla ya kuwadia siku ya kumlipa dola milioni 28, timu ilimwachilia. Mwezi uliofuata ikamchagua Andrew Luck, na Manning akaenda zake Denver.

Watu wa Indianapolis hawakumsahau. Tarehe 20 Oktoba 2013 alirudi kwao akiwa amevaa rangi za wapinzani. Walisimama wakampigia makofi, naye akavua kofia yake ya kujikinga akawapungia mkono. Mwaka 2017 sanamu yake ilisimamishwa nje ya kiwanja.

Luck naye alipendwa, na naye aliumia. Bega lake liliharibika mwaka 2015. Mwaka huo huo, katika mchezo dhidi ya Denver, figo yake ilichanika. Januari 2017 alipasuliwa bega, na msimu wote wa 2017 hakucheza. Alirejea mwaka 2018, akaiongoza timu kushinda michezo 10 kati ya 16, akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyerejea vyema kuliko wote. Lakini kabla ya msimu wa 2019 mguu ulianza kumsumbua.

Tarehe 24 Agosti 2019 Colts walikuwa wakijipima nguvu na Chicago Bears. Luck alisimama pembeni akiwa na nguo za kawaida. Mchezo ukiendelea, habari ikaenea katika simu za watazamaji kwamba ameamua kuacha kucheza, naye ana umri wa miaka 29 tu. Alipokuwa akiondoka kiwanjani, baadhi yao walimzomea. Usiku ule ule alieleza kwamba maumivu na matibabu yasiyokwisha yamemwondolea furaha ya mchezo, akakiri kwamba mazomeo yale yalimwumiza.

Kwa nini mmoja alipigiwa makofi na mwingine akazomewa? Wote wawili waliumia katika kazi ile ile, mbele ya watu wale wale. Twaweza kusema kwamba habari ya Luck ilikuja ghafula, msimu ukiwa mlangoni. Na udhuru huo una uzito wake. Lakini ipo tofauti kubwa zaidi. Mwaka 2012 walioamua walikuwa wenye timu. Mwaka 2019 aliyeamua ni mwenye mwili. Manning alifukuzwa, akahurumiwa. Luck aliondoka mwenyewe, akaonekana kama mdeni aliyetoroka.

Ni deni gani hilo? Timu hiyo yenyewe haikuzaliwa Indianapolis. Ilihamishwa kutoka Baltimore usiku mmoja wa Machi 1984, kwa malori, bila kuwauliza waliokuwa wameipenda tangu miaka ya 1950. Mwenye timu aweza kuhama. Timu yaweza kumwachilia mchezaji mgonjwa. Mtazamaji aweza kubaki nyumbani asinunue tikiti. Mchezaji peke yake ndiye aliyetakiwa asiwe na hiari.

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayeketi katika viti vya juu huona mtu akianguka na kuinuka. Haoni usiku wa kukosa usingizi wala bega lisiloinuka asubuhi. Uaminifu unaostahili jina hilo humfuata mtu aliyeumia hata pale anapochagua kupona kuliko kushinda. Watu wa Indianapolis walionyesha mwaka 2013 kwamba wanao uaminifu wa namna hiyo. Luck aliondoka kiwanjani bila kuupata wote.