Mota Zinapogoma Kuzunguka

Muundaji wa droni za nyumbani akiona mota tatu zinazunguka na ya nne imezubaa, hukimbilia kuilaumu mota. Historia yaelekeza kwingine. Vidhibiti mwendo, vifaa vinavyoongoza kasi ya kila mota, vilirithiwa kutoka ndege ndogo za rimoti, na viliamriwa kwa mpigo wa umeme wa takriban mikrosekunde 1000 hadi 2000. Kila kidhibiti kiliupima mpigo huo kwa saa yake, na saa hizo hazikulingana kikamilifu. Ndiyo maana, tangu siku za awali za programu ya kuongozea droni ya ArduPilot, iliyoanza 2009, ili kusawazisha vidhibiti, fundi alivua propela, akapandisha mkono wa kasi wa rimoti hadi juu, akaunganisha betri, akasikiliza milio, kisha akaushusha.

Wakati mwingine mota hugoma kwa sababu programu yenyewe imezizuia. Wapo wasemao ukaguzi huo unaofanywa na programu kabla ya kuwasha mota ni usumbufu, uzimwe tu. Siafiki. Programu ikigoma kwa kuwa dira haijasawazishwa au mkono wa kasi haujashuka, imenasa kosa ambalo lingeangusha chombo au kukata vidole. Ni kweli, itifaki ya DShot, iliyoenea tangu 2017, hutuma amri kwa vidhibiti kama namba badala ya urefu wa mpigo, hivyo kusawazisha vidhibiti hakuhitajiki tena; ukaguzi, hata hivyo, umebaki. Soma kwanza sababu inayotajwa na programu, ndipo ufikirie kununua mota mpya.