Kant ni nani, na aliifikiaje Usambara?

Kwa mtu wa Bulwa, Amani ni jina la majirani, kule kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Miaka 107 kabla ya hapo, Mjerumani mwingine aliandika kijitabu kuhusu amani yenyewe. Ni Immanuel Kant, na kijitabu chake cha 1795 kilihusu amani ya kudumu.

Kant (1724–1804) aliishi Königsberg, Prussia. Hoja yake: mataifa huru yaungane kwenye shirikisho la kuzuia vita. Pia mgeni akifika nchi ya watu asishambuliwe, ila hana haki ya kujimilikisha nchi hiyo. Aliwasema wazi Wazungu waliofika Afrika na Amerika wakawaona wenyeji si kitu. (Huyuhuyu aliandika pia maneno ya kibaguzi kuhusu Waafrika, kwa hiyo tusimtakase sana.)

Wajerumani wenzake hawakumsikiliza. Miaka ya 1890 walishakata misitu ya Usambara kupanda kahawa, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal.

Wazo la shirikisho halikufa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia likaundwa Shirikisho la Mataifa, na wasomi wengi humtaja Kant kati ya waliolitangulia kifikra. Mwaka 1922 Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kama dhamana, si koloni, na kila mwaka Muingereza alitakiwa kupeleka ripoti Geneva. Mwaka 1946 usimamizi ukahamia Umoja wa Mataifa. Hapo mambo yakabadilika kweli, maana hata mwananchi wa kawaida aliweza kupeleka malalamiko moja kwa moja. Kenya, iliyokuwa koloni, haikuwa na mlango huo.

Wameru waliutumia. Walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 kuwapisha walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea. Azimio la kuwatetea halikupata kura za kutosha, ardhi haikurudi. Lakini njia ilishajulikana.

Machi 1955 ikawa zamu ya Julius Nyerere, rais wa TANU, kusimama mbele ya Baraza la Udhamini kudai Tanganyika ijitawale. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikuwa umependekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, na Uingereza ikaona hata hiyo ni haraka mno. Uhuru ulikuja baada ya saba, 9 Desemba 1961.